Stakabadhi ghalani na mnada wa TMX kwenye korosho: inauza vizuri, inakopesha vibaya

Ukimuuliza mkulima wa Newala au Tandahimba, mkoani Mtwara, anauzaje korosho, atakujibu kwa neno moja: mnada. Lakini nyuma ya neno hilo kuna huduma tatu zilizofungwa pamoja. Kuna ghala lenye leseni linalopokea mzigo na kuuandikia stakabadhi, kuna Soko la Bidhaa Tanzania (TMX) linaloendesha mnada kwa njia ya mtandao, na kuna njia ya fedha inayotoka kwa mnunuzi hadi kwenye akaunti ya mkulima. Kila moja ina ubora wake, na ukizichanganya utaisifu isiyostahili au kuilaumu isiyo na kosa. Kwa hiyo tunazipima moja moja.

Msingi wa yote ni Sheria ya Stakabadhi za Ghala Na. 10 ya mwaka 2005, na korosho za Mtwara ndizo zilizoanza kuuzwa kwa mfumo huu msimu wa 2007/08. Kwa miaka mingi mnada ulikuwa wa sanduku: wanunuzi wanatumbukiza barua zao, zinafunguliwa na kusomwa mbele ya wakulima. Msimu wa 2024/25 korosho zikaingia TMX. Mnada wa kwanza wa msimu huo, Oktoba 2024, ulitoa bei ya juu ya shilingi 4,120 kwa kilo na ya chini 4,035.

Upana wa hizo bei mbili ni mdogo, na hiyo ndiyo sifa kubwa ya mnada. Kwenye mauzo ya shambani, mtu na jirani yake wanaweza kupishana kwa mamia ya shilingi kwa korosho za mti mmoja, kwa sababu mmoja alikuwa na haraka ya ada ya shule. Mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua kwa mkulima nje ya mfumo rasmi, anaishi kwenye pengo hilo, tena anapima kwa chombo chake mwenyewe. Skrini imelifunga. Zabuni zinaletwa na kampuni zilizosajiliwa na kupewa leseni na Bodi ya Korosho, matokeo yanaonyeshwa mbele ya wakulima, na wakulima wana haki ya kuyakataa. Haki hiyo si pambo: bei zimewahi kukataliwa, na Oktoba 2018 mgomo wa wakulima dhidi ya bei ndogo ulifika hadi Ikulu, Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Sehemu ya mnada tunaipa alama za juu bila kusita.

Ila tahadhari moja. Bei ya juu inayotangazwa redioni ni bei ya loti fulani, yaani fungu la mzigo linalouzwa pamoja, katika ghala fulani, na huenda mzigo wako haumo. Tena ni bei kabla ya makato. Kila msimu hutolewa mjengeko wa bei unaoonyesha kinachokatwa kwa kila kilo: ushuru wa halmashauri, gharama za AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) na chama kikuu, usafirishaji kutoka AMCOS hadi ghala kuu, utunzaji ghalani, magunia na kamba, na tozo nyingine za msimu huo. Uombeni usomwe kwenye mkutano mkuu kabla ya mzigo wa kwanza kupimwa. Kwa mfano wa hesabu tu: kilo 640 kwa bei ya 3,500 ni shilingi 2,240,000. Makato yakiwa 250 kwa kilo, zinaondoka 160,000 na mkulima anabaki na 2,080,000. Anayepiga hesabu kwa bei ya redioni ataamini ameibiwa 160,000, na ugomvi mwingi kwenye ofisi za AMCOS huanzia hapo.

Ghalani

Ubora wa huduma ya ghala unategemea mambo mawili, unyevu na mizani, na yote mawili huharibika kabla mzigo haujafika ghala kuu.

Korosho ghafi inatakiwa kuingia ghalani ikiwa na unyevu kati ya asilimia 8 na 10. Iliyookotwa leo na kutenganishwa na bibo, tunda lake, ina maji zaidi ya hapo, hivyo huanikwa juani kwa siku kadhaa, ikigeuzwa na kufunikwa usiku. Mkulima mwenye haraka anapeleka ikiwa na asilimia 12 na kuona amefaidi uzito. Hesabu inasema hivi: kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 12 zina kilo 880 za vitu vikavu. Zikikauka hadi asilimia 9, uzito unakuwa 880 kugawanya kwa 0.91, yaani kilo 967. Kilo 33 zimepotea na hakuna aliyeiba. Mkulima ameshaandikiwa 1,000 kwenye risiti ya AMCOS, ghala kuu linasoma 967, na mnunuzi analipa kwa 967. Tofauti hiyo kwenye vitabu inaitwa unyaufu, na AMCOS ndiyo inayobaki nayo. Ikijirudia kwa wakulima mia tatu, chama kinamaliza msimu kikidaiwa na wanachama wake wenyewe.

Dawa yake ni kifaa cha kupima unyevu kwenye meza ya kupokelea, tena kikaguliwe kabla ya msimu. Kung'ata korosho na kusikiliza ikitikiswa ni ujuzi wa kweli na wazee wanauweza, ila haumzuii mkulima anayebishana na karani. Kifaa kinamaliza mabishano.

Unyevu una madhara ya pili yasiyoonekana kwenye mizani. Korosho mbichi ikipangwa ghalani inapata joto, ukungu unaingia, na karanga ya ndani inabadilika rangi. Mnunuzi hapimi ganda, anapima karanga. Mkaguzi anachoma magunia kwa bambo, kifaa cha kuchomolea sampuli, anachanganya sampuli, anachukua kilo moja, anahesabu punje na kuzipasua zote. Karanga nzuri zinapimwa uzito kamili, zenye madoa au zilizosinyaa zinahesabiwa nusu, zilizooza zinatupwa. Uzito wa gramu unaopatikana huzidishwa kwa 0.176 kupata ratili (pauni) za karanga kwa gunia la kilo 80, na hiyo ndiyo lugha ya soko la dunia. Gramu 295 ni ratili 52, mzigo mzuri. Gramu 270 ni kati ya 47 na 48, na hapo mnunuzi wa India au Vietnam anaanza kupunguza bei. Loti nzima inabeba jina la sampuli yake. Magunia kumi ya korosho za mwaka jana yaliyochomekwa na mjanja mmoja yanaweza kushusha loti ya watu mia mbili, na hapa mfumo haujapata jibu zuri. Gunia linatakiwa liwe na alama ya AMCOS lilikotoka, lakini likishamwagwa na kushonwa upya, alama hiyo haimtaji mwenye kosa.

Kwenye mizani kuna maendeleo. Mizani ya kidijitali inayoandika uzito moja kwa moja kwenye mfumo inaondoa karani anayesoma 61 na kuandika 58. Inaziba pia mlango wa korosho hewa, yaani kilo zilizoandikwa kitabuni bila kuwepo ghalani. Sharti ni kwamba betri iwe imejaa na karani asirudi kwenye daftari umeme unapokatika kisha aingize takwimu jioni kwa kumbukumbu. Mkulima, usiondoke bila risiti yenye jina lako, namba yako, uzito, daraja na tarehe. Ujumbe wa simu ni mzuri, ila karatasi ndiyo unayoweza kuiweka mezani siku ya malalamiko.

Mifumo inayotakiwa kuzungumza

Bodi ya Korosho ina daftari la wakulima waliosajiliwa, ambalo ndilo linalotumika kugawa salfa na viuatilifu vya ruzuku. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina MUVU, mfumo wa usimamizi wa vyama vya ushirika. Bodi ya Stakabadhi za Ghala ina kumbukumbu za maghala na stakabadhi. TMX ina jukwaa la mnada. Benki zina akaunti, na forodha ina mfumo wake wa mizigo inayotoka. Mkulima ni mmoja kote humo, lakini anaweza kuwa Saidi kwenye daftari moja, Saidi Hamisi kwenye lingine, na S. H. Mohamedi benki.

Kosa la kawaida linalochelewesha malipo ndilo hilo. Jina lisilolingana, tarakimu moja ya akaunti iliyokosewa, akaunti iliyolala kwa sababu haijaguswa tangu msimu uliopita, au korosho kuuzwa kwa jina la shemeji. Benki inarudisha fedha, AMCOS inasahihisha orodha, orodha inapitishwa tena, na wiki imekwisha. Mkulima analaumu TMX, ambayo ilishamaliza kazi yake.

Namba ya kitambulisho cha taifa ya NIDA, yenye tarakimu 20, ingetosha kuwa ufunguo wa daftari zote. Popote orodha inapohamishwa kwa Excel kutoka ofisi moja hadi nyingine, jihadharini na jambo dogo lenye hasara kubwa: Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba, zinazobaki inazigeuza sifuri. Namba ya NIDA ikiingizwa kama namba badala ya maandishi inaharibika kimyakimya, na ya akaunti inayoanza na sifuri inapoteza sifuri yake. Katibu wa AMCOS achague safu nzima iwe ya maandishi kabla ya kubandika chochote. Ni kazi ya sekunde kumi.

Baada ya mnada, mnunuzi anatakiwa kulipa ndani ya muda uliowekwa kwenye mwongozo wa mauzo wa msimu, ndipo apewe hati ya kutolea mzigo ghalani. Hakuna malipo, hakuna mzigo. Kanuni hii ni ngumu na inastahili kubaki ngumu, kwa sababu kabla yake mkulima ndiye aliyekuwa anamkopesha mnunuzi. Kasi ndiyo inayoweza kuongezeka. Soko la bidhaa la Ethiopia, ECX, lililoanza 2008, lilijijengea jina kwa kumlipa muuzaji siku inayofuata mauzo, kwa kuwa mnunuzi hawezi kuingia mnadani bila fedha kuwa tayari benki. Huku kwetu, aliyeshinda mnada ndiye anaanza kutafuta fedha. Tofauti hiyo ndiyo inayozaa siku za kusubiri, na programu ya simu haitaitibu.

Mkopo: hapa ndipo panapovuja

Stakabadhi ya ghala haikubuniwa kwa ajili ya mnada. Ilibuniwa ili mtu mwenye mazao na asiye na fedha asilazimike kuuza siku bei iko chini. Sheria inaipa stakabadhi sehemu mbili, cheti cha umiliki na cheti cha rehani. Unaweka mzigo, benki inachukua cheti cha rehani na kukupa sehemu ya thamani, bei ikipanda unauza, benki inajilipa, wewe unachukua kilichobaki. Kwenye karatasi ni safi kabisa.

Kwenye korosho, karatasi hiyo mara nyingi haiko mkononi mwa mkulima. Ghala kuu linapokea lori la AMCOS, mzigo umechanganywa, stakabadhi inatoka kwa jina la AMCOS. Mkulima ana risiti ya AMCOS, inayothibitisha anadai, lakini hawezi kuipeleka benki kama rehani. Na uamuzi wa kungoja si wake: mkutano ukikubali bei, korosho zake zinakwenda, ukikataa, zinabaki, hata kama yeye ana mgonjwa hospitali ya Ndanda. Mnada wa pamoja umempa nguvu ya bei na kumwondolea uhuru wa muda. Tunaona ni biashara inayokubalika, lakini isemwe wazi, na isiitwe mkopo.

Jaribio la zamani la kuunganisha yote mawili lilikuwa la malipo mawili. Ushirika unakopa benki, mkulima analipwa sehemu ya bei dira, yaani bei ya kukadiria, siku ya kuleta mzigo, salio baada ya mauzo. Lilifanya kazi bei zilipopanda. Bei ya soko iliposhuka chini ya hesabu iliyokopewa, salio likapotea na riba ikabaki. Liwale, Aprili 2013, hasira za salio pungufu ziliishia kwenye nyumba kuchomwa moto. Malipo ya mara moja baada ya mnada yalitokana na funzo hilo, na hatushauri kurudi kulikotoka. Mkopo dhidi ya mazao unahitaji mtu wa kubeba hatari ya bei, na chama cha msingi chenye mtaji wa viingilio na hisa hakiwezi kuwa mtu huyo.

Nani basi afaidi na cheti cha rehani? Wawili tunawaona wazi.

Wa kwanza ni mwenye mbaazi, choroko au mahindi, mazao ambayo bei yake hupanda miezi baada ya mavuno, mradi ghala litoe stakabadhi kwa jina lake au la kikundi kidogo kinachoelewana. Hesabu ya mfano: tani 10 za mbaazi kwa 1,500 ni shilingi milioni 15. Benki ikitoa asilimia 60, unapata milioni 9. Riba ya asilimia 9 kwa mwaka, kwa miezi mitatu, ni 202,500. Ghala likitoza shilingi 10 kwa kilo kwa mwezi, ni 300,000. Weka unyaufu wa asilimia 1, yaani kilo 100, 150,000. Jumla ni 652,500, au shilingi 65 kwa kilo. Bei isipopanda kwa zaidi ya hapo ndani ya miezi mitatu, ulikuwa unalipa riba kwa ajili ya kusubiri tu. Mfano wa asilimia 9 si wa kubuni: tangu 2021, Benki Kuu ilipotangaza mfuko wa shilingi trilioni 1 kwa mabenki ili wakopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10, mikopo ya kiwango hicho ipo. Kinachopanda ni gharama zinazoambatana nayo, yaani ada ya kuandaa mkopo, bima ya mzigo, ukaguzi. Zijumlishe kabla ya kusaini.

Wa pili, na wengi humsahau, ni mbanguaji wa ndani, mwenye kiwanda cha kutoa karanga kwenye ganda. Korosho za kusini zinatoka Oktoba hadi Januari, wakati za Afrika Magharibi zimekwisha sokoni, ndiyo maana wanunuzi wa nje wanazigombea. Kiwanda cha kubangua tani 5,000 kwa mwaka kinatakiwa kununua mzigo wa mwaka mzima katika miezi hiyo. Kwa 3,500 kwa kilo ni shilingi bilioni 17.5 mezani. Mzigo ukipungua taratibu hadi msimu unaofuata, wastani wa fedha iliyolala ni bilioni 8.75, na kwa asilimia 9 riba yake ni milioni 787.5 kwa mwaka. Msafirishaji wa korosho ghafi anazungusha fedha zake kwa wiki chache na kuondoka. Ushuru wa kusafirisha ghafi, asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, chochote kilicho kikubwa, unamrudisha nyuma kidogo. Hiyo dola 160 inafanya kazi pale tu bei ikiwa chini ya takriban dola 1,067 kwa tani. Lakini ushuru haumpi mbanguaji fedha za kununulia.

Stakabadhi inaweza kumpa. Anashinda mnada kwa fedha za benki, mzigo hauondoki ghalani, cheti cha rehani kinabaki benki, na kila wiki analipia tani 100 na kuzichukua. Korosho iliyokauka vizuri inakaa mwaka bila kuharibika, kwa hiyo ni rehani nzuri kuliko mazao mengi. Kinachohitajika ni ghala ambalo benki inaliamini, bima, na mfumo unaoonyesha benki kilo zilizobaki kila jioni. Vipande vyote hivyo vipo Mtwara na Lindi leo. Tungependa kuona benki yoyote ikiviunganisha na kutangaza bei yake hadharani, badala ya kila kiwanda kujadiliana gizani.

Kenya wana sheria yao ya stakabadhi za ghala ya mwaka 2019, iliyolenga zaidi nafaka, na pale anayeweka mzigo ndiye mwenye stakabadhi. Wanachokosa ni ujazo na ushindani tulionao kwenye korosho. Ukichukua stakabadhi yao na mnada wetu ungepata kitu.

Nani atumie, na ajiandae vipi

Mkulima wa korosho kusini hana chaguo la kweli, na kwa bei peke yake asingehitaji jingine. Kabla ya Septemba apite benki na kitambulisho, aweke hata shilingi elfu tano ili akaunti iamke, aangalie jina lake lilivyoandikwa, kisha aende AMCOS akalinganishe na orodha yao herufi kwa herufi. Akope kwa ajili ya palizi na kupulizia kwenye taasisi inayompa ratiba ya marejesho inayoanza Desemba, kwa sababu mzigo wa Oktoba unaweza kuuzwa Novemba na kulipwa baadaye kidogo. Mkopo unaodai marejesho ya kila mwezi kuanzia Juni ni wa mwenye duka, haumfai mwenye shamba.

Kiongozi wa AMCOS anunue kipima unyevu kabla ya kununua kompyuta ya pili. Azuie mzigo wa zaidi ya asilimia 10, hata kama mwenye mzigo ni mwenyekiti. Apange siku za kupokea kwa vitongoji ili lori lijae siku moja, maana lori la nusu linalipiwa kama limejaa na gharama inaingia kwenye makato ya wote. Magunia yaagizwe mapema, kwa kuwa korosho iliyokauka ikikosa gunia inarudi kulowa kwa mvua za Desemba, na ndizo hizo hizo mvua zinazoshusha ubora na bei za minada ya mwisho. Mwenye mzigo bora asichelewe hadi huko.

Mnunuzi mgeni asome mwongozo wa mauzo wa msimu mzima, asiishie kwenye ukurasa wa usajili. Aulize kuhusu bandari pia: Serikali imeelekeza korosho za kusini zipitie Bandari ya Mtwara, kwa hiyo makontena na meli zipangwe kabla ya zabuni ya kwanza, kwani siku za kulipa hazimsubiri anayetafuta kontena.